Waipa Zimegoma: Sikiliza Kwanza, Mota Baadaye

Mvua ya kwanza ya vuli ina kawaida yake. Inanyesha jioni, barabara zinajaa foleni, na kesho yake asubuhi wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na wenzao wa Kirinyaga Road, Nairobi, wanaulizwa swali lile lile: mota ya waipa bei gani? Tangu masika yaishe, swichi haijaguswa. Mipira imeshinda juani miezi mitano juu ya kioo kikavu, vumbi limepenya kila kiungo, maji kwenye tanki yameota ukijani. Dereva anashusha swichi, hakuna kinachotokea, au kinatokea kituko, na wa kwanza kulaumiwa ni mota.

Mota ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye mfumo huu, na mara nyingi haina kosa. Mtu anatoa hela, inafungwa nyingine ya mtumba kutoka Japani, waipa zinaendelea kugoma vile vile, halafu ndipo fundi anakumbuka kuangalia ethi, ile njia ya kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari.

Tunachokiita waipa kwa ujumla ni mifumo minne iliyowekwa jirani. Kuna umeme unaotoka kwenye betri na kupitia fyuzi na swichi hadi kwenye mota. Kuna vyuma vinavyogeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Kuna mpira unaogusa kioo. Na kuna maji, yenye tanki, pampu na mipira yake yenyewe, ambayo yanaweza kufa huku waipa zikiwa nzima kabisa, au kinyume chake. Kabla ya kushika spana, inabidi ujue ubovu uko kwenye upi kati ya hiyo minne. Kazi hiyo huanza na sikio.

Zima redio na feni ya AC, funga vioo vya milango, lowanisha kioo cha mbele kwa chupa ya maji, kisha washa swichi ya gari bila kuwasha injini. Weka waipa kwenye kasi ya chini. (Kama umezoea Toyota na leo umekaa kwenye gari la Kijerumani, kumbuka mkono wa waipa uko kulia kwa usukani na wa indiketa uko kushoto, wengi huwasha waipa jua likiwaka huku wakidhani wameonyesha indiketa.) Mota iko chini ya ile plastiki nyeusi yenye matundu kati ya boneti na kioo. Utapata moja kati ya majibu matatu: kimya, mlio bila mwendo, au mwendo usioridhisha.

Ukimya

Ukimya una maana kwamba umeme haufiki, au unafika na mota imekufa. Anza na fyuzi kwa sababu kuitazama ni bure. Kwenye magari mengi yaliyotoka Japani yakiwa yametumika, sanduku la fyuzi za ndani liko chini ya dashibodi upande wa dereva, na mfuniko wake unaweza kuwa umeandikwa Kijapani kitupu au ulishapotea zamani. Fyuzi ya waipa za mbele mara nyingi ni ya ampea 20, 25 au 30; ya maji ya kioo huwa ndogo zaidi. Usiridhike na macho. Weka testa (kitaa kidogo cha kupimia umeme) kwenye vidoti viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi, vyote viwili viwashe taa. Kuna fyuzi huonekana nzima kumbe imekatika ndani kidogo tu.

Ikiwa imekatika, swali la maana ni lini ilikatika. Ukiweka mpya na inakatika papo hapo swichi inapowashwa, kuna waya umegusa bodi au mota imeungana ndani. Ikidumu dakika kadhaa ndipo ikatike, mota inabebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, na mzigo huo karibu kila mara ni vyuma vilivyokaza, ambavyo tutavifikia. Kubandika fyuzi kubwa zaidi, au kuzungushia karatasi ya sigara ile inayong'aa, hakuondoi mzigo. Kinachofanyika ni kuuhamishia moto kwenye waya uliopita nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hutauona ukianza.

Zipo pia mota zenye kikata umeme ndani yake, kinachofunguka joto likizidi na kujifunga tena likipoa. Gari la namna hii hufanya kazi dakika tano, linasimama, unaegesha unalalamika, na baada ya muda waipa zinaamka zenyewe. Watu huita hiyo mota mbovu. Mara nyingi mota inajilinda dhidi ya shafti iliyokaza.

Fyuzi ikiwa nzima, nenda kwenye plagi ya mota yenyewe. Huko utakuta waya nne au tano: wa kasi ya chini, wa kasi ya juu, wa ethi, na mmoja au miwili ya kuzilaza waipa. Swichi ikiwa kasi ya chini, testa iwake kwenye waya mmoja. Ukipandisha kasi, iwake kwenye mwingine. Umeme ukiwepo na mota iko kimya, usitoe hukumu kabla ya kupima ethi. Chukua waya mnene, shika upande mmoja kwenye mwili wa mota, mwingine kwenye kichwa hasi cha betri. Zikianza kutembea, umejiokolea gharama ya mota. Kosa hili linapatikana sana kwenye magari yaliyopigwa rangi baada ya ajali: fundi rangi amefungua kila kitu, amepuliza rangi hadi kwenye matundu ya boliti, amerudishia, na chuma hakigusani tena na chuma.

Ethi ikiwa sawa na mota bado imenuna, igonge polepole kwa mpini wa bisibisi wakati swichi imewashwa. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha. Kugonga huko kutakufikisha nyumbani, na pengine kazini kesho, basi.

Kama umeme haufiki kwenye plagi kabisa, rudi nyuma. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kama ipo peke yake, unaweza kuibadilisha kwa muda na nyingine inayofanana nayo ndani ya sanduku lile lile, ilimradi namba na mpangilio wa miguu vifanane. Kwenye magari mengi ya Toyota hutaiona, maana imefichwa ndani ya swichi ya usukani. Swichi yenyewe huchoka: ndani yake kuna vipande vya shaba vinavyosuguana, na vikishaliwa utakuta waipa zinafanya kazi ukiibana swichi kwa kidole upande fulani. Hiyo ni dalili ya wazi kabisa, wala huhitaji mita.

Kasi moja imepotea

Mota ya waipa ya kawaida ina kaboni tatu. Moja ni ya pamoja. Ya pili iko upande wa pili kabisa, ikiitazama ile ya kwanza, na hiyo ndiyo ya kasi ya chini. Ya tatu imesogezwa pembeni, hivyo umeme unapita kwenye sehemu ndogo ya nyaya zilizozungushwa, na mota inakimbia zaidi. Ndiyo maana kasi ya juu haihitaji gia nyingine wala volti ya ziada.

Kwa hiyo gari likifanya kazi kasi ya juu tu na ya chini imekufa, shuku kaboni ya chini au mguu wake kwenye swichi. Kasi ya chini ndiyo hutumika sana, basi ndiyo huliwa kwanza. Plagi itakuamulia: kama waya wa kasi ya chini una umeme, ubovu uko ndani ya mota, kama hauna, ni swichi. Kaboni hubadilishwa. Mafundi wanaosuka mota huchonga za jenereta au za mashine nyingine zikaenea, na kazi ikifanywa kwa makini hudumu.

Kulala na kukataa kulala

Hapa ndipo mafundi wengi hubahatisha. Zima waipa zikiwa katikati ya kioo, nazo zitamalizia safari, zishuke, zilale chini. Nani aliyeziambia zishuke wakati umeshakata umeme?

Ndani ya mota, chini ya mfuniko wa gia, kuna bamba la shaba la mviringo lenye pengo. Linazunguka pamoja na gia kubwa, na juu yake zimekaa ncha za chuma. Ukizima swichi, njia ya kawaida inakatika kweli, lakini mota inaanza kula umeme kupitia waya mwingine ulio na umeme muda wote swichi ya gari ikiwa imewashwa. Umeme huo unapitia kwenye bamba lile. Pengo likifika chini ya ncha, wakati mikono imefika mahali pa kulala, umeme unakatika, na papo hapo pande mbili za mota zinaunganishwa na ethi. Mota inayozunguka huku ncha zake zimeunganishwa hugeuka jenereta iliyobanwa, inajifunga breki yenyewe na kusimama pale pale.

Ukishaelewa hivyo, dalili zinajieleza. Waipa zikisimama palepale ulipozima, waya wa kulaza hauna umeme, au bamba limechafuka kwa grisi iliyoungua. Zikifika chini kisha zikapitiliza na kupanda tena kidogo, breki ya umeme haifanyi kazi. Zikikataa kuzima kabisa, ama pengo halisomeki kwa sababu ncha imepinda, ama rilei imeganda. Anza hivi: chomoa plagi ya swichi ya usukani, au rilei kama ipo nje. Waipa zikiendelea kutembea hata baada ya hapo, shuku mota yenyewe, au waya uliogusana na mwingine njiani. Zikisimama, usiisafishe mota bado, maana umeme wa kulaza nao hupitia swichi hiyo: kagua ncha na bamba, kisha rilei na swichi.

Kufungua mfuniko ule, kusafisha bamba kwa sandpepa laini na petroli kidogo, kunyoosha ncha na kupaka grisi mpya mahali pa gia ni kazi ya saa moja. Nimeona mota ngapi zikitupwa kwa uchafu wa shaba tu, sijui.

Zile hatua za kupumzika, ambapo waipa hupiga mara moja, zikatulia, zikapiga tena, zinatokana na kifaa cha umeme kinachojaa polepole na kumwaga ghafla. Muda wa kujaa ndio muda wa kutulia. Mmarekani Robert Kearns aliomba hataza (haki ya mvumbuzi) ya wazo hilo mwaka 1964, akagombana mahakamani kwa miaka na watengenezaji wa magari, na mwaka 1990 Ford walikubali kumlipa dola milioni 10.2. Kifaa hicho huzeeka. Waipa zikifanya kazi kasi zote mbili lakini mapumziko yamekufa, mota iache kabisa. Tafuta rilei ya mapumziko au swichi.

Magari mapya kidogo, hasa ya Ulaya, hayako hivi. Swichi inatuma ujumbe tu kwa kompyuta, nayo ndiyo inayoamuru mota. Baadhi yana kisoma mvua kilichobandikwa nyuma ya kioo cha ndani, na kioo cha mbele kikishabadilishwa bila kukibandika kisoma mvua sawasawa, waipa hupiga zenyewe jua likiwa utosini. Huko testa haikupeleki mbali. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma makosa.

Mlio bila mwendo

Mota inanguruma, mikono imelala. Au mmoja unatembea na mwingine unatazama. Umeme hauna kosa tena. Shida ni ya vyuma, na hapa bei inashuka sana.

Anza juu, kwenye nati inayoshika mkono wa waipa, ambayo imefunikwa na kofia ya plastiki. Mara nyingi ni ya spana namba 12 au 14. Chini yake shafti ina meno madogo, na mkono una meno ya kuyapokea, ila mkono hutengenezwa kwa madini laini kuliko shafti. Nati ikilegea, meno ya mkono huliwa, na shafti inabaki ikizunguka ndani ya tundu. Ukiwahi, inatosha kuutoa mkono, kusafisha meno ya shafti kwa brashi ya waya, kurudisha na kukaza. Ukichelewa, nunua mkono. Wakati wa kuurudisha, hakikisha kwanza mota imelala: washa waipa, zima kwa swichi yake, usizime kwa ufunguo wa gari. Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha mkono ulikuwa wapi kabla hujautoa, la sivyo utaipata ikigonga nguzo ya mlango kila inapopanda. Na mkono usio na bledi (kile kipande kinachoshika mpira) usiuache umesimama bila kutandika kitambaa chini. Springi yake ina nguvu ya kupasua kioo.

Mikono ikiwa imekaza lakini haisogei, ondoa plastiki nyeusi uone linki. Kutoka kwenye mota kuna mkono mfupi, unaosukuma vyuma virefu kwenda kwenye shafti mbili (au moja, kama una Vitz iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2010). Kila kiungo ni mpira mdogo wa chuma uliobanwa ndani ya bushi ya plastiki. Hiyo bushi ndiyo inayokufa. Haitoki siku moja: kwanza inapata uchezaji, waipa zinagonga mwisho wa kila safari, kisha siku ya mvua kubwa plastiki inapasuka na chuma kinadondoka. Barabarani utaona watu wameifunga kwa kipande cha mpira wa tairi na waya wa kufungia. Kwa kufika Morogoro ukitokea Chalinze inafaa. Kwa kushuka mlima wa Kitonga na lori nyuma yako, nisingeitegemea. Bushi peke yake hupatikana kwa mafundi na wauza spea. Ukikosa, linki nzima ya mtumba si ghali kama mota.

Ukiweka mkono wako humo kuchunguza, toa fyuzi kwanza. Vyuma vile vina nguvu ya kukata kidole, na hakuna anayejua nani atagusa swichi ndani ya gari.

Waipa zinachechemea

Waipa zilizo taratibu kupita kiasi zina pande mbili za kuchunguza. Kwa kipimo cha nje, kiwango cha usalama cha Marekani kinataka kasi ya juu ifike angalau mizunguko 45 kwa dakika na ya chini isipungue 20, kwenda na kurudi zikihesabiwa mara moja. Kaa na saa, lowanisha kioo, hesabu. Ukipata 12, kuna jambo.

Toa fyuzi, tenganisha linki na mota, kisha sukuma mikono kwa kiganja. Inapaswa kwenda kirahisi. Ikikaza, shafti zimeganda. Angalia mahali zinapokaa: maji yote ya kioo yanateremka pale, pamoja na vumbi la kiangazi na majani ya mwarobaini au mwembe uliouegeshea kivulini. Grisi ya kiwandani ilishaoshwa. Shafti ni chuma, nyumba yake ni alumini, na katikati yao umeota unga mweupe mgumu kama chokaa. Mafuta ya kupulizia yanalainisha kwa wiki moja tu. Dawa ya kudumu ni kuondoa kipete kidogo kilicho juu, kuitoa shafti nzima, kuisugua hadi ing'ae, kusafisha tundu na kurudisha na grisi nzito. Pale pale safisha matundu ya kutolea maji chini ya plastiki; yakizibwa na majani, maji hujaa hadi kwenye mota, na mengine hutokea miguuni mwa abiria.

Shafti zikiwa laini, rudi kwenye umeme na mita. Betri iliyotulia iwe karibu volti 12.6, injini ikiwaka, 13.5 hadi 14.5. Pima kwenye plagi ya mota waipa zikitembea. Ukipoteza nusu volti usishangae. Ukipoteza mbili, kuna mahali waya umeoza, kiungo kimepata kutu, au ethi imelegea.

Mpira na kioo

Zikitembea vizuri lakini kioo hakionekani, watu hununua bledi mpya, na mara nyingi wako sahihi. Jua letu haliusamehi mpira. Mwaka mmoja ni mwingi kwake, na gari linaloshinda nje Dodoma au Mombasa litahitaji mapema zaidi. Ila soma alama kwanza. Mistari myembamba ni mpira uliochanika au mchanga ulionasa. Utando wa ukungu unaobaki nyuma ni mafuta: moshi wa mabasi, nta ya waosha magari, dizeli inayorushwa na lori la mbele. Bledi mpya juu ya kioo chenye mafuta itaacha utando ule ule. Sugua kioo kwa spiriti na kitambaa safi, kisha futa mpira wenyewe mpaka kitambaa kiache kutoa weusi.

Waipa inayoruka-ruka na kulia upande mmoja tu, tuseme ikipanda ni kimya na ikishuka inadunda, mkono wake umepinda. Mpira unatakiwa usimame wima kwenye kioo, ulale upande huu ikipanda na upande ule ikishuka. Mkono ukijikunja kidogo, mpira unashindwa kugeuka na unachimba. Toa bledi, nyoosha mkono taratibu kwa koleo mbili. Mara nyingi huyu aliyeupinda ni muosha magari aliyeinua mkono kwa pupa. Na kama eneo la katikati halifutwi kabisa wakati pembeni kunafutwa, bledi ni feki au si saizi yake: chuma chake hakifuati mkunjo wa kioo. Saizi hupimwa kwa inchi, na ya dereva mara nyingi ni ndefu kuliko ya abiria.

Usifute kioo chenye vumbi kikavu. Mchanga ukishakwaruza kioo, mkwaruzo unaonekana vizuri zaidi usiku, taa za mbele zikikuelekea, na bledi yoyote haitausaidia.

Maji

Vuta swichi ya maji huku mlango uko wazi. Pampu inaunguruma au haiungurumi? Jibu hilo linakata kazi katikati.

Ikiwa kimya: fyuzi, plagi ya pampu (imekaa chini ya tanki, mara nyingi nyuma ya tairi la mbele, inapigwa na tope), swichi, kisha pampu yenyewe. Pampu hizi ni ndogo na hupozwa na maji; ukizilazimisha kuzunguka tanki likiwa tupu, huungua upesi. Ikiwa inaunguruma na hakuna maji, angalia kama tanki lina maji. Usicheke, ndiyo sababu ya kwanza. Halafu fungua boneti, fuata mpira mwembamba mweusi hadi kwenye bawaba. Pale ndipo hukatika, kwa sababu hukunjwa kila boneti inapofunguliwa. Panya nao wana ladha ya mipira hii, hasa gari likiegeshwa karibu na ghala au jiko.

Mpira ukiwa mzima, uchomoe karibu na nozeli, kile kidomo kinachorusha maji kwenye kioo, ujaribu. Maji yakiruka pale, nozeli imeziba. Yasiporuka, kichujio cha pampu kimejaa ute wa kijani. Toa pampu, safisha tanki kwa maji ya moto kiasi, rudisha. Mpira unaozunguka shingo ya pampu uloweshe kabla ya kurudisha, la sivyo utaanza kuvuja. Sabuni ya unga inaganda humo ndani; maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya sehemu nyingi za Dar na Mombasa, yanajenga magamba kwenye matundu ya nozeli. Maji safi ya bomba au ya mvua yanatosha kabisa. Kwa aliye Ulaya au Kanada wakati wa baridi ni habari nyingine: maji matupu huganda na kupasua pampu, na waipa zilizoganda kwenye kioo ukiziwasha zinakula bushi zile zile tulizotaja. Kulanti ya rejeta haiingii kwenye tanki hili kwa nchi yoyote ile.

Magari yenye waipa ya nyuma, kama Probox, Noah na IST, yana mtego mmoja mzuri. Baadhi yake hutumia pampu moja yenye midomo miwili. Ikizunguka upande huu, maji yanakwenda mbele. Ukibadili umeme ikazunguka kinyume, yanakwenda nyuma. Kwa hiyo nyuma pakitoa maji na mbele hapatoi, pampu si mfu, na kuibadilisha kabla ya kupima ni kupoteza pesa. Tafuta mpira wa mbele uliokatika, nozeli, au swichi isiyogeuza umeme. Na maji ya nyuma yakipotea huku dari la gari likianza kulowa upande wa mlango wa buti, mpira umepasuka ndani ya kile kibomba cha mpira kinachopita bawaba ya mlango. Nyaya za mota ya nyuma hupita hapo hapo na hukatika kwa sababu ile ile: mlango unafunguliwa na kufungwa mara elfu. Vuta kibomba, utaona shaba imetoka nje.

Ukimaliza, lenga nozeli upya kwa pini. Gari likiwa limesimama, maji yapige juu kidogo ya katikati ya kioo. Kwenye kilomita 80 kwa saa upepo utayashusha hadi mahali unapotazama.